Jinsi ya kupima mwanga wa UV wa nitrojeni ikipigwa na elektroni: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ni yale yale kila muhula. Mbona naona mstari wa nanomita 391 vizuri ila chini ya nanomita 200 ni giza tupu (humu namba za mwanga zisizotajiwa kipimo zote ni urefu wa wimbi kwa nanomita)? Mbona kaunti, yaani fotoni zinazohesabiwa na ditekta, zinapanda hata nikifunga gesi? Mbona namba yangu ya LBH (bendi za UV za nitrojeni, nitazieleza chini) ni nusu ya ile iliyochapishwa? Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, sasa naandika yote hapa mara moja, ukikwama anza hapa kabla hujanipigia saa nane za usiku.

Kwa nini watu wanahangaika na hiki kitu: hewa yetu asilimia 78 ni nitrojeni, na kule juu elektroni zikiipiga inatoa mwanga, ndo sehemu ya ile aurora wanayoiona watu wa kaskazini kabisa na kusini kabisa. Titan, mwezi wa Zohali, nao una hewa ya nitrojeni na chombo cha Cassini kiliupima mwanga wake wa UV. Kifaa cha GOLD cha NASA kilichorushwa 2018 kinaitazama dunia yetu kwa mwanga huo huo, kati ya nanomita 132 na 162 hivi. Ila setilaiti inakupa kaunti tu. Kuzigeuza hizo kaunti ziwe elektroni ngapi na za nishati gani unahitaji namba iliyopimwa maabara, na maabara kama JPL, ile ya NASA pale Pasadena, na ile ya Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder wameshughulika na hizo namba miaka mingi, na bado wanazirekebisha. Kwa hiyo usione aibu zako zikikataa wiki ya kwanza.

Nadharia kidogo, hutahitaji zaidi ya hii

Kuna familia nne za mwanga utakazokutana nazo.

Pozitivu ya Pili: mistari ya 337.1, 357.7, 380.5 na wenzake. Inaanza elektroni ikifika kama 11 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), inafika kilele haraka sana pale 14 eV na kidogo, halafu inaporomoka. Hii ndo rula yako ya nishati.

Negativu ya Kwanza: 391.4 na 427.8. Hii inatoka kwa molekuli iliyong'olewa elektroni moja ikabaki na chaji, kwa hiyo haianzi mpaka 18.75 eV, inapanda taratibu mpaka karibu 100 eV, na baada ya hapo inashuka polepole. Ni tulivu, haina makuu, ndo maana tunaanza nayo.

LBH, yaani Lyman-Birge-Hopfield: bendi nyingi kuanzia karibu 127 mpaka 240. Hii ndo inayotafutwa na setilaiti na ndo inayoliza watu, nitakwambia kwa nini hatua ya 9.

Mistari ya atomu ya nitrojeni: 120.0, 149.3 na 174.3. Hapa elektroni imeivunja molekuli vipande viwili na kipande kimoja kinang'aa.

Basi, tufanye kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Chemba ya chuma cha pua yenye pampu ya tabo (ile ya mapanga yanayozunguka kasi sana), na nyuma yake pampu kavu isiyotumia mafuta. Nasisitiza kavu. Mvuke wa mafuta ukitua kwenye kioo halafu UV ikakipiga, unaganda kama masizi ya sufuria na huoni tena kitu chini ya 200.

Bunduki ya elektroni yenye filamenti, uweze kuicheza kutoka 10 mpaka angalau 200 eV, na mkondo wa maikroampia chache mpaka 100.

Kikombe cha Faraday cha kudaka elektroni upande wa pili. Kiwe kirefu, sio sahani.

Nitrojeni ya 99.999%, regyuleta, na valvu ya kuvujisha gesi taratibu.

Geji ya presha ya ayoni, na kama bajeti inaruhusu geji moja zaidi ya kuihakiki.

Kichambuzi cha gesi iliyobaki, kinachotambua gesi kwa uzito wa molekuli zake. Wengi wanaona ni anasa, mimi naona bila hicho unapapasa gizani.

Monokromata (chombo cha kuchagua urefu mmoja wa wimbi) mbili ukiweza: moja ya kawaida ya 300 mpaka 430, nyingine ya vakyumu ya chini ya 200. Hewa yenyewe inameza mwanga chini ya 190 hivi sababu ya oksijeni, kwa hiyo njia yote ya mwanga lazima iwe ndani ya vakyumu.

Ditekta: tyubu ya fotomaltiplaya (inageuza fotoni kuwa mpigo wa umeme) ya kawaida kwa 300 kwenda juu, na yenye uso wa sizimu ayodaidi kwa chini ya 190. Hii ya pili ina faida kubwa, haioni mwanga wa filamenti.

Madirisha sahihi. Kioo cha kawaida kinakata karibu na 300, kwatzi inakufikisha 170 hivi, magnesiamu floraidi 115, lithiamu floraidi 105. Mimi nilipoanza nilikaa siku mbili nzima natafuta mstari wa 297.7 kupitia kioo cha kawaida, nikabadilisha ditekta, nikabadilisha kebo, nikalaumu bunduki. Dirisha tu.

Usalama kwa ufupi: bunduki na ditekta zina volti za kuua, zima kabisa na uache dakika chache kabla ya kushika kebo. UV inachoma macho bila maumivu ya papo hapo, vaa miwani yake. Na nitrojeni haina harufu, silinda ikivuja kwenye chumba kisichopitisha hewa unalala na huamki, milango iwe wazi.

Hatua

1. Safisha na vuta hewa. Glavu kila wakati, alama ya kidole ndani ya chemba inatoa mvuke wiki nzima. Vuta mpaka 1×10⁻⁷ torr (kipimo cha presha) au chini yake. Ikigoma kushuka, mara nyingi ni maji yaliyong'ang'ania ukutani, pasha chemba joto na mikanda ya umeme usiku kucha, nyuzi 100 zinatosha kama una o-ringi za mpira.

2. Angalia gesi iliyobaki KABLA ya kuingiza nitrojeni. Ukiona kilele cha uzito 28 na cha 32 kwa uwiano wa kama nne kwa moja, hiyo ni hewa, una tundu mahali. Kilele cha 18 ni maji. Ukiona 28 peke yake usishangilie, kaboni monoksaidi nayo ni 28, tazama 14 na 12: 14 ikitawala ni nitrojeni, 12 ikijitokeza ni kaboni. Andika namba hizo kwenye daftari na tarehe, utazihitaji siku mambo yakiharibika.

3. Washa filamenti polepole. Dakika kumi za kupandisha, sio sekunde kumi, na angalia presha isiruke. USIFUNGUE chemba kwa hewa filamenti ikiwa ya moto. Nusu saa ya kupoa, hata kama una haraka, hata kama bosi anasubiri. Kila anayeanza anachoma moja, jitahidi iwe moja tu.

4. Nyoosha miale ya elektroni. Weka 100 eV na uangalie mkondo kwenye kikombe cha Faraday. Karibu wote unaotoka kwenye bunduki uingie kwenye kikombe, ukiona nusu inapotelea kwenye kuta acha kila kitu urekebishe kwanza, maana elektroni zinazogonga chuma zinazaa elektroni ndogo ndogo, na hizo ndogo zinaitekenya Pozitivu ya Pili kuliko hata miale yako. Kikombe kipe volti chanya kidogo kizuie zisirudi nyuma.

Hapa sumaku ya dunia inawatesa wengi bila kujua. Uga wake ni kama nusu gausi tu, lakini elektroni ya 20 eV ndani yake inapinda kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 hivi, kwa hiyo kwenye safari ya sentimita 15 inakosa kikombe kabisa. Ama uzime uga huo kwa koili za Helmholtz (jozi ya mizunguko ya waya yenye umeme) nje ya chemba, ama ufanye kinyume, uweke sumaku yako ya gausi 100 hivi sambamba na miale ikazibana elektroni zisitawanyike. Njia zote mbili zinafanya kazi, ya pili ni rahisi ukitaka mkondo mkubwa.

5. Ingiza nitrojeni kidogo. Anza na 1×10⁻⁵ torr. Hapo una molekuli kama 3.2×10¹¹ kila sentimita ya ujazo, na kila moja inasafiri kama mita tano kabla ya kugonga mwenzake. Ndo tunachotaka, elektroni moja, molekuli moja, mwanga mmoja, bila majirani kuingilia. Bahati nzuri geji za ayoni kiwandani huwa zinapangwa kwa nitrojeni kwa hiyo namba unayoisoma haihitaji kuzidishwa na chochote. Ukibadilisha gesi raha hiyo imekwisha.

6. Tafuta 391.4 kwanza. Weka 100 eV, fungua mpasuo wa monokromata, tembeza kutoka 380 mpaka 430. Utaona kichwa cha bendi pale 391.4 kinacholegea kuelekea mawimbi mafupi, na mdogo wake 427.8. Hizi mbili zinaanzia ngazi moja ile ile ya juu, kwa hiyo uwiano wao haujali nishati wala presha, ya kwanza inazidi ya pili kama mara tatu. Ukipata uwiano tofauti sana, aliyekosea ni chombo chako, nitrojeni haijabadilika toka dunia iumbwe.

7. Nyoosha rula ya nishati. Volti unayoweka kwenye bunduki SIO nishati ya elektroni zako, kuna tofauti ya eV moja au mbili inayotokana na metali zenyewe, na inahama kadri filamenti inavyozeeka. Hamia 337.1, shusha nishati mpaka 9 eV, kisha panda kwa hatua za 0.2. Pale mwanga unapoanza ndo 11.03, pale unapopiga kilele ndo 14 na kidogo. Tofauti kati ya hapo na usomaji wako ndo marekebisho yako. Rudia kila asubuhi, inachukua dakika ishirini na inakuokoa na aibu ya kuchapisha kitu kilichohama eV mbili.

8. Chora mstari wa presha, na usiruke hatua hii hata ukiombwa. Shika nishati na mkondo palepale, pima kaunti kwenye presha nane au kumi kati ya 2×10⁻⁶ na 1×10⁻⁴. Gawanya kwa mkondo. Lazima upate mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri. Ukianza kupinda juu, una elektroni za uzao wa pili, na Pozitivu ya Pili ndo itapinda ya kwanza, fanya jaribio hili kwa 337.1 kwenye 100 eV hata kama hiyo sio unayoipima. Ukipinda chini, mwanga wako unamezwa njiani au molekuli zinazimwa kabla ya kung'aa. Ukijaribu 95.8 ya nitrojeni utaona kupinda chini mapema sana, kwa sababu molekuli zilizotulia, zisizopigwa, zinaumeza mwanga huo huo. Fanya hivyohivyo kwa mkondo. Baada ya hapo kaa kwenye sehemu iliyonyooka tu, maisha yako yote.

Na mwanga wa uongo je? Filamenti yenyewe ni taa. Pima mara nne: gesi na miale, gesi bila miale, miale bila gesi, bila vyote. Miale izime kwa volti za gridi, filamenti iache ikiwaka, ukiizima umeondoa na ile taa unayotaka kuitoa hesabuni. Geji ya ayoni nayo ina filamenti inayotoa mwanga pamoja na chaji, izime wakati wa kuhesabu au iwekee kona isionekane.

9. Sasa shuka chini ya 200, kwenye LBH. Hamia monokromata ya vakyumu, weka 20 eV kwa kuanzia maana bendi hizi zina nguvu karibu na hapo na atomu za 120.0 bado hazijachachamaa. Utaona 135.4, 138.4, 141.6, 145.0 na kuendelea.

Shida ni hii. Pozitivu ya Pili inang'aa nanosekunde 40 hivi baada ya kupigwa, Negativu ya Kwanza kama 60. Molekuli haijasogea. LBH inasubiri maikrosekunde kama 55, na kwenye joto la chumba molekuli ya nitrojeni inakimbia karibu mita 470 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: sentimita 2.6 kutoka pale ilipopigwa, na hiyo ni wastani tu, zaidi ya theluthi bado hazijawaka. Kama jicho la monokromata yako linaona upana wa milimita tano kuzunguka miale, mwanga mwingi unawaka nje ya macho yako, na kama chemba ni nyembamba molekuli zinagonga ukuta na kuzimika bila kutoa fotoni hata moja. Juu ya hapo kuna molekuli zilizopigwa zikaenda kwenye hali za jirani, zikashuka baadaye kuingia kwenye hii ya LBH, nazo zinang'aa mbali zaidi bado. Ndo nusu yako iliyopotea hiyo, na ndo sababu wale wa Boulder wakatengeneza chemba kubwa.

Wewe usiye na chemba kubwa fanya hivi: sogeza miale (au kioo cha kukusanyia mwanga) pembeni kwa hatua za milimita tano, pima 138.4 kila hatua mpaka inapofifia, kisha jumlisha wasifu wote. Fanya vilevile kwa 149.3 ya atomu, ambayo inawaka palepale. Tofauti ya upana wa wasifu hizo mbili inakuonyesha kiasi gani kinatoroka. Ni kazi ya siku tatu na haina njia ya mkato, wanaokwambia wanatumia kipimo kimoja cha katikati waulize kwanza chemba yao ina upana gani.

10. Kalibresheni. Kwa 300 kwenda juu, mistari ya 337.1, 357.7 na 380.5 inatoka ngazi moja, fotoni za 337.1 ni kama mara moja na nusu za 357.7, hiyo inakupa mwitikio wa chombo bure. Taa ya deteriamu inakusaidia chini zaidi. Kwa monokromata ya vakyumu wengi hutumia hidrojeni kwa 100 eV, mstari wake wa Lyman-alfa wa 121.6 na bendi zake, ambazo zimepimwa sana. Kumbuka geji yako inaisoma hidrojeni karibu nusu tu ya presha halisi. Kuna mwanafunzi aliyesahau hilo, namba zake zote za nitrojeni zikatoka nusu, na alikuwa tayari ameanza kuandika utangulizi.

11. Hesabu. Fotoni kwa sekunde ni sawa na elektroni kwa sekunde mara molekuli kwa sentimita ya ujazo mara urefu wa miale unaouona mara eneo la mgongano (ukubwa wa shabaha ambao molekuli inaonekana nao kwa elektroni). Mfano: 100 µA ni elektroni 6.2×10¹⁴ kwa sekunde, gesi 3.2×10¹¹, urefu sentimita moja, na 391.4 kwa 100 eV ina eneo la kama 1.7×10⁻¹⁷ sentimita mraba. Unapata fotoni bilioni 3.4 kila sekunde, pande zote. Kioo chako kinaona labda moja ya mia nne ya hizo, halafu gratingi (bamba lenye mistari linalotawanya mwanga ndani ya monokromata) na ditekta vinakula tena. Ukipima 391.4 na ukapata kitu kilicho mbali sana na 1.7 usiende mbele, rudi hatua ya 4.

Ikigoma

Kaunti zipo hata gesi ikiwa imefungwa: mwanga wa filamenti, au valvu inavuja. Geji itakwambia ipi.

Kilele cha 120.0 ni kipana na kina bega pale 121.6: una maji, hiyo ni hidrojeni inayotoka kwake. Ukienda 308 utakuta na bendi ya OH kama shahidi. Pasha chemba joto upya.

Mstari umetokea 130.4: oksijeni. Tafuta tundu kwa kupuliza hiliamu kwenye viungo huku ukiangalia kilele cha 4 kwenye kichambuzi. Na jihadhari, oksijeni hiyo ina mstari mwingine wa 135.6 unaojificha kwenye LBH ya 135.4, hata setilaiti zinasumbuliwa nao.

Kitu kirefu cha ajabu pale 240 kwenye monokromata yako: ni 120.0 imejirudia kwa oda ya pili. Weka kipande cha kwatzi mbele, kikitoweka umemjua.

Bendi za ziada kati ya 140 na 170 usizozitambua: kaboni monoksaidi, mara nyingi inazaliwa na filamenti yenyewe ikiwa moto. Punguza joto la filamenti, acha pampu ivute usiku mzima, angalia ile 12 ya hatua ya 2.

Kila kitu chini ya 150 kinafifia wiki baada ya wiki huku 391.4 iko palepale: kioo au gratingi imepata uchafu. Usiipanguse kwa kitambaa, gratingi ikiguswa imekufa. Toa dirisha peke yake, libadilishe, pima tena, ndo uanze kuwaza gratingi.

Mkondo uko sawa lakini kaunti zinaruka juu chini kila dakika: angalia kwanza kama kuna mtu chumba cha pili anawasha kiyoyozi, sitanii, nyaya za ardhi za maabara nyingi zimeunganishwa hovyo. Ditekta ipewe ardhi yake peke yake, halafu kaza viungo vya kebo kwa mkono mmoja mmoja.